Jina la Mama Innocent

Darasa letu lilianzia sakafuni. Mwaka 2008, wageni walipofukuzwa majumbani mwao, familia nyingi za Wakongo zililala katika ukumbi wa kanisa moja hapa Umbilo, Durban, Afrika Kusini, na mwalimu mmoja mstaafu aliyeitwa Matilda akawaletea blanketi na birika la umeme. Matilda alikuwa mmoja wa Marafiki, wale Wakristo wanaoabudu kwa kunyamaza, wasioapa na wasioamua mambo ya vikao vyao kwa kura. Siku moja alimwona mama akimnywesha mtoto dawa ya kupaka. Mama yule hakuweza kusoma kibandiko cha chupa. Matilda akaketi sakafuni karibu naye, akaishika ile chupa, na hilo ndilo likawa somo la kwanza.

Mimi sikuwapo. Nilisimuliwa na Ruphin, ambaye mke wake ndiye alikuwa mama yule. Ruphin anatengeneza simu South Beach, na tangu Matilda afariki yeye ndiye karani wetu, yaani anayeongoza vikao. Kwao, upande wa Uvira, alilelewa katika Kanisa la Marafiki, kama nilivyolelewa mimi Vihiga, Kenya. Lakini makanisa yetu huko nyumbani huimba na kupiga ngoma, kwa hiyo sote wawili tulijifunza kunyamaza tukiwa watu wazima. Ruphin anasema yeye ilimchukua miaka. Mimi sikupata shida. Nilikuja Durban kusomea ustawi wa jamii, na muhula mzima wa kwanza nadhani sikuzungumza na mtu ila mhudumu wa maktaba.

Tunakutana Jumamosi asubuhi katika nyumba ya zamani nyuma ya Umbilo Road. Tunaanza kwa kunyamaza. Ruphin akimpa mkono aliye karibu naye, kimya kimekwisha, nasi tunasoma. Hatuna kitabu cha darasa. Tunasoma kile kilichomshinda mtu wiki hiyo: kibandiko cha dawa, tangazo la mwenye nyumba, barua kutoka shuleni kwa mtoto. Baada ya chai inafuata kazi ya mtaa, na kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa kusindikiza wagonjwa kliniki, kuwatafsiria na kuwashikia foleni.

Kisha makundi ya watu yakaanza kusimama kwenye malango ya kliniki, wakidai kitambulisho cha Afrika Kusini kwa kila anayetaka kuingia. Gloriose, ambaye ana saluni ndogo na sauti kubwa, alimsindikiza mjamzito mmoja akarudi blauzi ikiwa imechanwa bega. Tukakaa kimya kirefu Jumamosi ile. Mwishoni tukakubaliana kununua simu. Tukaacha namba kwa manesi waliotufahamu, wao wakawapa wenzao, na ikawa muuguzi akipata mgonjwa wa Kiswahili aliyefanikiwa kuingia ndani, anapiga. Aliye na zamu ya simu anakuwa mdomo wa mgonjwa na sikio lake.

Simu hiyo ina kanuni, na kanuni ilitokana na jambo baya. Mwenzetu mmoja, siku za mwanzo, aliambiwa na daktari amweleze mzee fulani kwamba dawa hazitamsaidia tena. Akamwonea huruma. Akamwambia dawa zitachukua muda. Mzee akafa bila kuwaita wanawe waliokuwa Johannesburg. Basi tukakubaliana, sote, bila kura: sauti ya simu haiongezi neno, haipunguzi neno, haizungumzi na mgonjwa kwa niaba yake yenyewe. Na yanayosikika kwenye simu hayaletwi darasani. Niliipenda sana kanuni hiyo. Niliona ni ya heshima.

Mama Innocent alikaa kando yangu. Alisuka nywele kwenye saluni ya Gloriose, na mara ya kwanza tulipokaa pamoja alinyoosha mkono akaufumua msuko wangu wa pembeni bila kuniuliza, akausuka upya, huku akisoma kwa Kiingereza: shake well before use. Alikuwa na sukari, na alijidunga sindano hapohapo chini ya meza kama mtu anayefunga kifungo. Sikuwahi kujua jina lake. Kwa Wakongo mwanamke akishazaa anaitwa kwa mtoto, na hata zamu ya kujitambulisha kwa Kiingereza ilipomfikia alisema, "My name is Maman Innocent," akakaa.

Jumatatu ya wiki ninayoisimulia alikwenda kliniki yake ya siku zote kuchukua dawa. Langoni wakamwambia hospitali yake iko Congo. Akarudi saluni akasuka hadi jioni. Gloriose anasema alikuwa akinywa maji chupa baada ya chupa na kufanya mzaha kwamba amekuwa samaki. Jumatano akaamua kujaribu kliniki nyingine, upande wa Jacobs, kwenye viwanda, ambako aliwaza hakuna atakayemjua. Alimpeleka Innocent crèche, kwa walezi wa watoto wa mchana, akapanda taxi, na tangu hapo hakuna aliyemwona. Simu yake haikupatikana.

Mume wake, Léonce, analinda magari kwenye maegesho ya maduka. Alianza kumtafuta jioni ileile. Alizunguka vituo vya polisi na hospitali, Alhamisi na Ijumaa, akitaja jina la mkewe kwenye dirisha la mapokezi, na kila mahali wakaangalia kompyuta wakamwambia hayupo. Hakuna kati yetu aliyefikiri kuuliza juu ya wagonjwa wasio na majina. Mama Innocent alikuwa na mdomo. Angelazwa popote, angesema yeye ni nani.

Jumamosi Léonce alikuja darasani na fulana yake ya kung'aa, maana alikuwa ametoroka kazini. Alikaa katika kimya chetu akitikisa goti. Kilikuwa kimya kifupi kuliko vyote ninavyovikumbuka. Ruphin akampa mkono.

"Bon," Ruphin akasema. "Tufanye tangazo. Tuweke kwenye maduka, kwenye WhatsApp, kila mahali. Abby, wewe unaandika vizuri. Andika kwa Kiingereza na kwa Kizulu, tafadhali."

Nikachukua karatasi. Billy akasogea kunisaidia Kizulu, maana changu kilikuwa kibovu kuliko chake. Billy ni Mkenya kama mimi, wa Nairobi, mwanafunzi wa uhandisi. Alikuwa amejiunga nasi mwezi uleule na tayari alikuwa amepewa zamu ya simu, kwa sababu Kiingereza chake ni kizuri na hachoki. Akina mama walimpenda na kumtania bila kupumzika.

"Jina lake kamili?" nikamuuliza Léonce.

"Sikujua."

Nikaacha kalamu. Nilidhani ni uchovu. Kisha nikaona haya kwa niaba yake, mume asiyejua jina la mkewe mbele ya watu wote hawa, nikapunguza sauti ili wengine wasisikie. "Hata la ubatizo?"

"Sikujua," akarudia, akinishangaa.

Gloriose akapasuka kicheko. "Abby! Ni jina hiyo! Sikujua ni jina. Kwetu mama anabeba mimba bila kufikiria, mtoto anakuja, wanamuita Sikujua. Iko Sikujua kila mtaa Bukavu. Ninyi Wakenya, Kiswahili yenu mliokota wapi?"

"Kwa barabara," mtu akajibu nyuma, na watu wakacheka, hata Léonce, kwa pua tu. Kilikuwa kicheko cha kwanza wiki ile na kilitutoka kwa nguvu kupita kiasi.

Kiti cha Billy kikaanguka.

Alikuwa amesimama. Nilimwona akitafuta mahali pa kuweka mikono. "Rafiki Ruphin," akasema. "Nataka kuvunja kanuni."

"Gani?"

"Ya simu."

Ruphin alimtazama, kisha akamtazama Léonce, na nadhani alielewa kabla yetu sote. "Vunja," akasema.

"Jumatano jioni nesi alipiga kutoka hospitali kubwa. Alikuwa na mama aliyeletwa na ambulensi kutoka Jacobs. Alianguka kituo cha taxi. Hana begi, hana simu, walikuwa wamemwibia akiwa amelala pale chini. Kiingereza hakitoki. Nesi akasema, muulize jina. Nikamuuliza." Akameza mate. "Akasema, Sikujua. Nesi akasema uliza tena. Nikauliza tena. Akasema, ni Sikujua. Nikamwambia nesi... Nikamwambia, she says she didn't know. Nilidhani ni ugonjwa. Nilidhani amechanganyikiwa."

"Na wewe haukumujua sauti?" Gloriose akauliza. "Mama Innocent, anakuita bwana harusi kila Jumamosi, haukumujua sauti?"

"Ilikuwa ndogo sana, Maman Gloriose. Hata sikuelewa kama ni mzee au kijana."

"Na haukusema kitu! Tangu Jumatano tunatafuta mtu!"

"Mlikuwa mnamtafuta Mama Innocent," Billy akasema. "Na mlisema yanayosikika kwenye simu hayaletwi hapa."

Ilikuwa kweli. Tulilisema. Mimi mwenyewe nilimsomea kanuni ile siku aliyopewa simu, na alinisikiliza kwa makini huku akitikisa kichwa kukubali.

Lakini Léonce hakusikia lolote katika hayo. Alikuwa amekwishasimama, anavuta zipu ya fulana yake juu hadi shingoni. "Aliongea," akasema. "Donc iko muzima. Aliongea! Twende."

Gloriose akaondoka kwenda kumchukua Innocent kwa jirani aliyeachiwa. Sisi wanne, Ruphin, Léonce, Billy na mimi, tukaingia kwenye gari la Ruphin. Léonce alikaa mbele na hakunyamaza njia nzima. Mke wake atamgombeza kwa kuja hospitali na fulana ya kazi. Atauliza kama mchele uliungua, maana kila anapopika yeye unaungua. Atataka kujua nani anamalizia kichwa cha mteja aliyemwacha nusu. Kwenye robot, yaani taa za barabarani, karibu na hospitali aligeuka nyuma akampiga Billy goti.

"Jeune, usikae hivyo. Ni jina. Hata polisi hapa wanachekaka. Nilienda siku moja, zamani, kuandikisha familia, afisa anasema, wife's name? Nasema Sikujua. Kulikuwa Mtanzania pale anatafsiri. Anamwambia, huyu mwanaume hajui bibi yake! Tulicheka mpaka machozi."

Billy alijaribu kutabasamu. Mimi nilikuwa nikitazama mikono yake, na sikupata neno la kumwambia. Sipati maneno haraka. Nilifikiri nitampa baadaye.

Wodini nesi alikuwa msichana wa rika langu. Billy ndiye aliyemwuliza, kwa Kizulu chake cha kuvunjika, habari za mama kutoka Jacobs ambaye hakuwa na jina. Uso wa nesi ukafunguka. "Eish," akasema. "Yule mama wa Kiswahili." Kisha akatutazama mmoja mmoja, akaona fulana ya Léonce, akaona macho yake, na akaacha kututazama.

Alikuwa amefariki jana yake, Ijumaa, mchana.

Alilisema kwa Kiingereza, na Léonce anajua Kiingereza cha kutosha neno hilo, lakini alinigeukia mimi. Alinitazama kama mgonjwa anayesubiri simu ipitishwe upande wake. Nikalisema kwa Kiswahili. "Amefariki, Papa Innocent. Jana."

Hakulia. Akauliza, "Jana saa ngapi?" Nesi akajibu, nikatafsiri. Akahesabu kwa midomo na akasema saa hiyo alikuwa hospitali hii, chini, kwenye dirisha la mapokezi, anaambiwa mke wake hayupo.

Ruphin akamshika mkono, akamkalisha kwenye benchi. Nesi akaeleza kwamba sukari ilikuwa imepanda mno na damu ilikwishaharibika kabla hajaletwa, kwamba walimpa kila walichokuwa nacho, na kwamba jina lisingebadilisha dawa. Nilitafsiri neno kwa neno. Hata leo sijui kama alisema kweli au alituonea huruma. Nilipofika kwenye neno la jina nilimsikia Billy nyuma yangu akivuta pumzi, na nililisema hivyohivyo, kama lilivyosemwa.

Chumba cha maiti kiko jengo la nyuma, mkabala na jengo la dobi. Pale mlangoni mhudumu mmoja mwanamume, mwenye mabuti meupe ya mpira, alitaka jina liandikwe upya, kwa sababu kwake alikuwa mwanamke asiyejulikana. Léonce akalitaja herufi kwa herufi. Kiingereza chake cha herufi kilikuwa safi, alijifunzia kwetu. S, I, K, U. Mhudumu akaandika, akauliza kama ndilo jina la ukoo, Ruphin akaeleza, na tukasubiri amwite mwenzake aje na ufunguo.

Billy alikuwa amesimama ukutani, mbali kidogo. Akaja mbele. "Nisamehe, baba," akasema.

"Usiniite baba. Mimi si muzee."

"Nisamehe, kaka."

Léonce akatikisa kichwa, lakini haikujulikana ni ndiyo au hapana. Kisha akasema, "Wewe ndiye wa mwisho kuongea naye Kiswahili. Hapa wote ni Kizulu na Kiingereza. Niambie aliongea nini tena."

"Alisema ana kiu."

"Walimupa maji?"

"Sijui. Nilitafsiri. Nesi alisema sawa."

"Na nini tena?"

Billy akanitazama. Nikatamani kumwambia aache, aongeze neno, amwambie Léonce: alikutaja wewe, alisema anakupenda. Midomo yangu ilifunguka kabisa. Lakini Billy alikwishaanza.

"Aliuliza, nani ameenda kukamata mtoto. Akauliza mara nyingi. Nikamwambia nesi, anauliza nani amekwenda kumkamata mtoto. Arrest, nikasema. Nesi akaniuliza, kwani kuna kesi ya polisi? Nikamwuliza mama, kuna polisi? Akanyamaza. Sikujua..." Akakatika hapo. Neno lilikuwa limemtoka lenyewe, na akabaki mdomo wazi, asiweze kuendelea mbele wala kurudi nyuma.

"Kukamata kwetu ni kuchukua," Léonce akasema pole kabisa, kama anayemfundisha mtoto. "Unakamata mtoto crèche. Unakamata mkate dukani. Hakuna polisi."

"Nimeelewa sasa."

"Nani alimujibu?"

"Nesi alisema apumzike. Nikamwambia apumzike."

"Yaani hakuna."

"Hakuna," Billy akasema.

Ruphin akafunga macho. Lori la dobi lilikuwa likirudi kinyumenyume, likilia.

Ufunguo ukaja. Mhudumu alituruhusu wawili, lakini tulipoingia sote wanne hakukataa. Kulikuwa na baridi na harufu ya jiki. Akavuta kitanda cha chuma, akakunja shuka hadi kidevuni. Alikuwa yeye. Msuko wake ulikuwa umefumuka upande mmoja, uliolalia lami, na hakuna aliyeurudishia. Sikuweza kuutazama. Nilitazama mabuti ya mhudumu.

Léonce aliinama. Nilidhani ataomba, na Ruphin pia alidhani hivyo, kwa sababu alivua kofia. Lakini Léonce alisema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayejibu kutoka chumba cha pili:

"Nilimukamata mimi. Crèche walinipigia, nikaacha magari, nikaenda. Alikuwa amebaki peke yake na mwalimu lakini hakulia. Nilimupa wali. Iliungua kidogo, akakula." Akangoja. "Sasa iko kwa Gloriose. Usiulize tena."

Mhudumu alikuwa ameshika ukingo wa shuka. Hakuelewa hata neno moja, lakini alisubiri mpaka Léonce alipomaliza, ndipo akaufunika uso.